Balozi wa Papa wa Nyololo

Kwaruu. Kwaruu. Kimya kidogo, kisha kwaruu tena.

Devota aliusikia mlio huo kabla hajafumbua macho, na hata angefumbua asingeona kitu, maana alfajiri ya Juni pale Nyololo giza ni zito na baridi inapenya mpaka kwenye mifupa. Mama mkwe wake, Bi Veneranda, alikuwa jikoni anawakwangua chumvi papa wakavu kwa mgongo wa kisu ili wapendeze gulioni. Meza yake ya papa pale gulioni ndiyo iliyoilisha nyumba miaka yote. Kalinga, mume wa Devota, yuko Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi, na kurudi kwake ni kwa kubahatisha.

Devota alimfunika vizuri mwanawe, Ombeni. Wiki nzima alikuwa akitafuta namna ya kumweleza mama mkwe jambo moja, na kila alipofungua mdomo maneno yalirudi tumboni.

Mambo yalianzia kwenye masomo ya jioni. Devota aliacha shule kidato cha pili, akaolewa, akazaa. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyemwambia, "Nenda kasome. Mtoto nitabaki naye mimi." Ni mama wakwe wangapi wanasema hivyo? Basi huko darasani wakaja watu kutoka Iringa mjini wakitafuta mabalozi wa kujitolea, wa kufundisha watu habari za papa na bahari. Darasa likacheka. Bahari na Nyololo wapi na wapi? Lakini mgeni mmoja, dada mpole, akawaeleza kwamba maji ya huku yanateremkia Usangu, yanaingia Ruaha, Ruaha inakwenda kuungana na Rufiji, na Rufiji inamwaga baharini. Na papa wanaovuliwa kule wanapanda huku wakiwa wamekauka, ndani ya magunia. Akasema wapo papa wanaobeba mimba muda mrefu kumshinda mwanamke, wakazaa watoto wachache tu, na wengi wanavuliwa kabla hawajazaa hata mara moja.

Hapo ndipo Devota alipokamatika. Mimba ya Ombeni ilimlaza hospitali, akajua maana ya kusubiri mtoto kwa hofu. Akajiandikisha. Akaenda semina Iringa, akarudi na fulana ya buluu na picha kubwa za papa. Nyumbani alisema tu amekwenda semina ya mazingira.

Sosthenes, fundi baiskeli wa pale gulioni, alipoiona ile fulana hakumwacha apite bure. "Balozi wa nyumba kumi namfahamu. Wewe wa samaki muhuri unagongea wapi?"

"Nitakugongea wewe kwenye paji la uso, shemeji," Devota akamjibu, wakacheka.

Jumatano alikwenda kufundisha shule ya msingi, Ombeni kamkalisha dawati la mbele. Watoto walimsikiliza midomo wazi, hasa alipowaonyesha picha ya mtoto wa papa. Mwishoni, kwa furaha ya kuona wameelewa, akawaambia, "Mkimwona papa sokoni, mwambieni mama asimnunue." Alilisema likatoka, wala hakukumbuka kwamba Nyololo nzima meza ya papa ilikuwa moja.

Na leo ilikuwa Jumamosi, siku ya gulio.

Jua halijafika utosini, Bi Veneranda akarudi na tenga kichwani, limejaa karibu kama lilivyoondoka. Devota aliacha nguo kwenye beseni, akapiga goti.

"Shikamoo mama. Mbona mapema?"

"Marahaba. Nimefukuzwa na watoto wa darasa la tatu." Akalitua tenga polepole. "Wamejipanga mbele ya meza yangu kama wako paredi. Kila anayekuja kununua wanamhubiria. Nikawauliza nani kawatuma. Wakasema mwalimu Devota."

"Mama, mimi sikukutaja."

"Ungenitaja ya nini? Kwani papa hapa anauza nani mwingine?"

Devota akalivuta tenga kivulini.

"Watu wamecheka mpaka wamekaa chini," mama mkwe akaendelea, bila kupandisha sauti. "Mkwe anafunga meza ya mama mkwe. Sawa. Kuanzia Jumatatu, ukienda darasani, mwite huyo papa akulelee mtoto."

Jioni Devota alimpigia mumewe. Kalinga alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa. "Mama Ombeni, hapo mimi siingii. Mkishamalizana mtaniambia."

Jumatatu hakwenda darasani. Jumanne vilevile. Mtihani ulikuwa Novemba, na hesabu zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kumkubali. Usiku alizisoma peke yake, namba zikawa zinamkimbia. Alhamisi akapiga goti tena mlangoni kwa mama mkwe.

"Mama, nimekukosea. Ningekuambia mapema, wewe kabla ya wale watoto."

Bi Veneranda akamwashiria ainuke. "Msamaha nimeusikia. Jumamosi mezani utakaa wewe. Wauze hao waliobaki, watu waone nyumba hii haina ugomvi. Wakiisha, Jumatatu nenda kasome."

"Na baada ya hao, mama? Kuna perege wakavu wa bwawa la Mtera, kuna dagaa. Tunaweza..."

"Uza kwanza."

Jumamosi akauza. Ile fulana aliiacha nyumbani, akajifunga kitenge. Sosthenes alimpitia na gurudumu mkononi, akasema, "Balozi, naona umehamishiwa kituo kingine," na safari hii Devota akaendelea tu kupanga vipande vya papa. Kila kipande alichokifunga kwenye gazeti kilimchoma kama makaa. Nyuma yake mama mkwe aliketi kwenye kigoda anapukuchua maharage na Ombeni, tena akiimba kidogo kidogo. Hasira zilikuwa zimemtoka. Devota aliisikia ile sauti, akajiambia labda mwakani meza itakuwa ya perege, mradi leo ipite salama.

Tenga lilikuwa karibu tupu. Chini kabisa kulikuwa na mmoja ambaye hakukatwa vipande. Alikuwa amepasuliwa na kukaushwa mzima, kichwa mpaka mkia, urefu wake hauzidi mkono wa mtoto. Devota alimweka mezani.

Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akasimama, akasalimu. "Kamwene. Samaki hii nayo papa? Mbona kadogo hivi?"

Nyuma, kuimba kukakatika.

"Mjibu mteja, mwanangu," mama mkwe akasema, kwa upole kabisa.

Devota aliliona darasa la Jumatatu, taa yake inayopepesa, ubao, kiti chake.

"Ni aina ndogo hiyo, dada. Ndivyo walivyo."

Mwanamke akaridhika, akafungua kikapu. Ombeni akainuka kutoka kwenye maharage, akaja mpaka mezani, akaweka kidole kwenye pua ya yule samaki.

"Huyu ni mtoto wa papa," akasema.