Nipo ya Jecha

Kila siku nawasikia watu wakisema wimbo wa mdogo wangu Jecha ni wimbo wa bangi. Bangi! Mtoto wa Bi Mwatum hata sigara haijui ladha yake. Haya, kaeni kitako, mimi dada yake Mwanapili niwaambie ulikotoka.

Kwetu Mtambile, mchumaji akiwa juu ya mkarafuu hanyamazi. Wa chini huita, "Upo?" Na yeye huvuta, "Nipo-o-o!" Majani humficha, basi sauti ndiyo inayosema kuwa yu mzima. Akinyamaza, kila mtu hutupa alichoshika akakimbilia mtini. Baba yetu, Mzee Nyange, alikuwa na nipo yake ndefu, inapanda, inashuka, inapinda, mpaka tunacheka. Siku aliyonyamaza, mama alikuwa mkekani anachambua karafuu. Alidhani mumewe anamfanyia mzaha, maana mzee alikuwa na mzaha sana, akaendelea kuchambua. Tulipomfikia, baba yu chini ya mkarafuu, ameanguka, alikwishapoa.

Hayo yalikuwa kabla ya Mapinduzi, Jecha angali mdogo. Tangu siku hiyo mama hakutaka kuisikia nipo nyumbani kwake.

Miaka ya sabini Jecha akaingia bendi. Mabaharia wa Tanga waliokuja Wete walimpa santuri za Wazungu wenye manywele, magitaa yanalia mpaka kichwa kinazunguka. Naye akataka mlio ule. Spika yake ilichanika ikawa inakoroma, akakataa isitengenezwe. Akaitia ndani ya pipa tupu, sauti ikawa inakwenda na kurudi. Majirani walisema kijana ameingiwa na pepo.

Siku moja nafua uani, nikamsikia baba. Wallahi, baba yangu mwenyewe! Gitaa linavuta nipo yake, inapanda, inashuka, inapinda. Nikaangua kilio palepale.

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Jecha! Ukiupiga huo mbele za watu, radhi yangu huna!"

"Mama, sura yake nimeshaisahau," Jecha akasema. "Sina kingine cha baba ila hiki."

Mama akarudi jikoni. Na radhi ya mama si kitu cha kuchezea. Jecha alikonda, chakula hakimpiti.

Iddi pili, alasiri, bendi ikapiga Wete. Mama akavaa buibui lake. "Nakwenda kumshuhudia mwanangu akiniasi," akaniambia. Tukakaa benchi la nyuma kabisa. Ukumbi umejaa watu wa mashamba na wa mjini.

Jecha akaanza. Ngoma polepole, spika inakoroma, kisha ile nipo ikapanda, ikazunguka, ikarudi kutoka ndani ya pipa. Mwili wote ulinisisimka. Mara akainua macho, akamwona mama. Akakata nipo katikati, akashusha gitaa. Aliniambia baadaye kwamba aliamua kuuacha wimbo, radhi imshinde.

Lakini watu wa karafuu watajuaje kuwa ameamua? Nipo imekatika! Mabenchi yakaanguka, watu wakakimbilia jukwaani, na wale wa mjini wamekodoa macho tu. Na aliyetangulia mbele ya wote alikuwa mama, na magoti yake mabovu.

Akamkamata Jecha shati. "Upo? Jecha, upo?"

"Nipo, mama."

"Basi mbona umenyamaza?" Analia, anamtikisa. "Safari hii nimekimbia, umeniona? Nimekimbia! Usininyamazie tena. Piga!"

Akapiga, mama amesimama pale pale kando yake.

Basi ule ukimya wa katikati, mnaodhani wapigaji wamelewa, Jecha aliuacha makusudi. Kila alipofika hapo, mama aliita, "Upo?" ndipo gitaa likaendelea. Mama ameshatangulia mbele ya haki. Sasa Jecha akikata, naita mimi.