Chai Kabla ya Makubaliano

Mwalimu Nuria alishuka kwenye pikipiki mbele ya ofisi ya kata ya Ihanda akiwa amekumbatia chupa kubwa ya chai na ndoo ya maandazi kutoka Mlowo. Nikafurahi. Nilijisemea kwamba mtu aliyeweza kuyafikisha maandazi salama kwa barabara ile atashindwaje kunirudishia njia yangu.

Ni binti wa Mzee Zahoro, mwenye malori kule Tunduma, na mwaka ule wa 2011 alikuwa anafundisha sheria chuo kikuu Dar es Salaam. Alikuwa anaandika kitabu kuhusu namna watu wanavyoweza kumaliza ugomvi bila kufikishana mahakamani. Alimwomba mtendaji wa kata amtafutie ugomvi wa kweli ajaribie elimu yake, na mtendaji hakufikiri mara mbili, akatutaja mimi na Marta.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana watu wameutia chumvi sana ugomvi huu. Mimi Tabita na Marta ni majirani, wote wakulima wa kahawa, na kati ya ua wangu na wake kulikuwa na njia ya miguu tuliyoikanyaga tangu tulipoolewa. Mbuzi wake wakala miche yangu. Nikasema, mbele ya kwaya nzima, kwamba Marta anafunga mbuzi kama anavyoimba: kila kitu kinamponyoka. Watu wakacheka mpaka mwalimu wa kwaya akaahirisha mazoezi. Kesho yake mwanawe Watson akaiziba njia kwa mabanzi na misumari, na salamu kati yetu ikafa.

Ningeweza kuzunguka barabarani, miguu ninayo. Lakini binti yangu Rozi alikuwa anaolewa Jumamosi. Alipokuwa mdogo nililazwa hospitali muda mrefu, na Marta ndiye aliyemlea, akimbeba mgongoni huku anachuma kahawa. Rozi akatangaza kwamba siku ya harusi hatoki ndani mpaka Mama Watson amshike mkono. "Mama, mtajuana wenyewe," akaniambia, akaendelea kupaka kucha rangi. Na mimi, niseme kweli, nilimkumbuka sana Marta. Kila asubuhi nilijikuta nimepika chai ya tangawizi ya watu wawili, nikaimwaga kwa hasira.

Basi tukaketi ofisini. Mwalimu Nuria akatuamkia, akawasha kinasa sauti, akatueleza kwamba usuluhishi ni wa hiari, ni wa siri, na yeye hana upande. Aliposema ni wa siri, kwaya yote ilikuwa dirishani, na Enesi wa sauti ya pili akaomba asogezewe benchi.

Halafu akataka kuzungumza na kila mmoja faragha. Marta akapelekwa nyuma ya ofisi. Sasa Marta ni soprano, na ukuta ule ni wa tofali moja.

"Njia siwapi watu wanaonicheka!" nikamsikia.

"Na akikuomba msamaha, mama yangu?"

"Tabita? Utamkamua beberu kwanza upate maziwa, ndipo Tabita aombe msamaha."

Dirishani wakacheka. Nilipandwa na hasira, na kilichonipandisha zaidi ni kwamba hakusema uongo. Zamu yangu ilipofika nikadai njia, nikadai miche, nikadai na yeye ndiye aniombe msamaha. Mwalimu akaitikia kwa kichwa kila nilichosema, nikaona nimeshashinda.

Tuliporudi ndani akaitwa Mzee Ambilikile, balozi wetu wa nyumba kumi, atoe ushahidi wa mpaka. Mzee alikuwa ameitazama ile ndoo tangu aingie, kwa hiyo alisema kwa kifupi.

"Mkaratusi wa mpakani niliuona ukipandwa. Njia yote iko kwa Mama Watson. Mama Rozi alikuwa anapita kwa hisani tu."

Marta akainua kidevu. Mimi nikatazama sakafu.

"Vizuri sana," akasema Mwalimu Nuria. "Madai tumeyafahamu. Kabla ya hatua ya makubaliano, tupumzike kidogo tunywe chai." Akatumiminia, mmoja mmoja, akitabasamu.

Hakuna aliyegusa kikombe, na dirishani vichwa vikaongezeka.

Kitongojini kwetu wenye kesi hawanywi pamoja. Chakula huja mwisho kabisa, mambo yakishatengemaa. Mkinywa pamoja, kesi imekufa, na haifufuliwi. Anayetangulia kunywa ndiye anayeachia dai lake, na mwenzake akikiacha kikombe kipoe, ujue amemkataa mbele za watu. Mwalimu wa watu hakujua. Tunduma kwa baba yake, mgeni akiingia tu anawekewa chai.

Nikakitazama kikombe changu. Nikinywa mimi, niliyeshindwa, na Marta asinywe, nitarudi nyumbani sina njia, sina heshima, na sina cha kumwambia Rozi. Na Marta anywe ili iweje? Alikuwa ameshinda. Angeweza kukaa hapo amekunja mikono mpaka jua litue. Kwa mara ya kwanza niliogopa kwamba nimempoteza kweli, si kwa ajili ya harusi tu.

Marta akakichukua kikombe chake. Akapuliza, akanywa fundo refu.

"Haina tangawizi," akasema, akanitazama usoni.

Nilikunywa changu chote kikiwa cha moto, nikaunguza ulimi. Machozi yakanitoka, na sikuusingizia ulimi.

"Haya, mama zangu," akasema Mwalimu Nuria akijifuta midomo, "sasa tuingie hatua ya makubaliano."

"Tuingie wapi, mwanangu?" akauliza Mzee Ambilikile, andazi mdomoni. "Kesi imeisha."

"Lakini hawajakubaliana chochote!"

"Wamekunywa."

Mwalimu akatutazama, akavitazama vikombe, akakitazama kinasa sauti chake ambacho kuhusu makubaliano hakikuwa kimenasa kitu isipokuwa watu wakipuliza chai. Akaangua kicheko. "Mimi niliileta ili mtulie tu!"

"Ndiyo tumetulia," akasema mzee, akarudi kwenye ndoo. Nikamkaribisha mwalimu harusini hapo hapo.

Mimi na Marta tulirudi kwa barabara, kila mtu upande wake. Jua lilikuwa bado juu nilipoingia uani, na sijavua hata viatu nikasikia misumari inalia. Nikachungulia. Marta alikuwa anang'oa mabanzi peke yake, kitenge amekifunga kiunoni. Nikachukua nyundo, nikaanza kung'oa kwa upande wangu.

"Mama Watson," nikasema. "Yale maneno ya kwaya. Nisamehe."

Akang'oa msumari mwingine.

"Shika huo ubanzi usikuangukie mguuni," akasema. Ubanzi ukalegea, tukaulaza chini pamoja. Akaikagua njia mpaka mlangoni kwangu, penye mashimo ya mvua. "Rozi anavaa viatu virefu au vifupi?"

"Virefu."

"Basi kalete jembe."