Msiba Usio na Saa ya Kumalizia

Mchungaji Yuhani alifungua geti akiwa na taulo la vyombo begani na soksi nene za sufu miguuni, saa tatu ya asubuhi, mwezi wa Februari, wakati hata kuku wa mtaa wetu wa Wazo, Dar es Salaam, huhema midomo wazi. Mbele yake walisimama wanawake kumi na mmoja. Wanne walikuwa wamejitwika masufuria makubwa ya pilau, wawili wamesaidiana gunia la mkaa, mmoja ameshika mwiko mrefu kama kasia. Mimi nilikuwa mbele yao wote kwa sababu ya umri, na mkononi nilikuwa na birika.

Akatutazama. Akayatazama masufuria. Kisha akasema kwa Kiswahili chake kile safi cha darasani, "Samahani sana. Nafikiri mmekosea nyumba. Sisi hatukuagiza chakula."

Mama Talha, mpishi wetu mkuu, akaninong'oneza, "Bibi Tupo, tumsukume?"

"Ngoja kwanza," nikamwambia. Lakini nami sikujua tungoje nini.

Geti lile lilikuwa limetushinda mwaka mzima. Familia ile ilitoka Ufini, nchi ya baridi isiyo na mzaha. Baba, mama na binti yao wa miaka sita, Helmi, walipanga nyumba ya bluu mkabala na kwangu, mahali ambapo vumbi la kiwanda cha saruji hutua juu ya majani kama unga juu ya chapati. Kanisa lao liliwatuma waje wafanye urafiki na majirani na kutushirikisha Neno. Neno lenyewe halikuwa geni kwetu. Mie nilibatizwa Tukuyu kabla mchungaji huyo hajazaliwa, na Mzee Twalib, jirani yetu wa kona, ameswalisha msikitini tangu barabara yetu ilipokuwa njia ya mbuzi. Urafiki ndio uliokuwa na kazi.

Yuhani aliuanza kwa kadi. Alizigawa nyumba kwa nyumba, zimepigwa chapa vizuri: *Karibuni kwetu kila Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu. Chai, biskuti na mazungumzo.* Mtaa mzima uliisoma kadi ile ukaishiwa nguvu.

"Anakukaribisha na kukufukuza kwenye karatasi moja!" alisema Sesilia, katibu wa kikundi chetu. "Tangu nizaliwe sijaona."

Basi tukawa tunakwenda watu wawili tu, mie na Mzee Twalib. Mie nilikwenda kwa kuwaonea huruma. Mzee Twalib alikwenda kwa ajili ya kahawa na ubishi, kwa maana alikuwa hajapata mtu wa kubishana naye juu ya Nabii Ibrahimu tangu rafiki yake Khalfani aanze kuugua. Ikifika saa kumi na moja na nusu Yuhani husimama, nasi husimama, hata kama Nabii Ibrahimu ameachwa katikati ya safari. Nikitoka humwona Mama Helmi dirishani akizirudisha biskuti kwenye kopo, moja moja, taratibu. Biskuti zile zilinisumbua moyo kuliko mahubiri.

Msibani ndiko alikoharibu kabisa. Mtu akifiwa, Yuhani huja, huwapa mkono wafiwa, hukaa dakika kumi, kisha huondoka ili asiwachoshe. Sesilia alisema huyu haji kuzika, anakuja kuhakikisha tu kwamba kweli mtu amekufa. Na kwetu mtu hupimwa hapo. Asiyekaa kwenye misiba ya wenzake, wake utahudhuriwa na nzi.

Kwa ajili hiyo tuna kikundi cha kufa na kuzikana, nami ni mwenyekiti wake mwaka wa tisa sasa. Turubai, viti, masufuria na majamvi vyote viko katika stoo ya uani kwangu, na ufunguo naufunga kwenye pindo la khanga. Kifungu cha sita cha katiba yetu nilikitunga mwenyewe: asiye mwanachama hapewi kitu. Mwaka juzi mwalimu Gozbert alifiwa na baba yake. Alikuwa bado hajajiunga, anasema kila siku atajiunga wiki ijayo. Alikuja kuomba turubai, nikamsomea kifungu. Msiba wa baba yake ukakaa juani siku tatu. Nilijiona mwenye haki, na watu wakanisifu kwa msimamo. Tangu siku ile Gozbert hunisalimia vizuri tu, ila hutazama bega langu.

Sasa siku moja kabla ya asubuhi ile ya masufuria, Helmi alikuja barazani kwangu kula maandazi, kama kawaida yake.

"Shikamoo, Bibi Tupo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona leo umenywea?"

"Bibi yangu wa kule kwetu amekufa. Mama yake baba. Jana." Akatafuna. "Baba analia bafuni. Anafungulia bomba ili tusimsikie."

Kikombe nikakiweka chini. "Na mmemwambia nani?"

"Hakuna. Baba amesema tusisumbue majirani."

Nimezika mume na watoto wawili, lakini sikumbuki kama niliwahi kusikia neno la upweke kama lile. Mtu mzima amefiwa na mama yake, amezungukwa na nyumba thelathini, na anayemsikiliza ni bomba la maji. Na maji yenyewe Wazo ni ya mgao!

Jioni hiyo nikaita kikao. Wanawake waliposikia, wote walishika vichwa. Kisha Sesilia akafungua katiba.

"Msiba tumeusikia, Mungu amlaze pema. Lakini kifungu cha sita, mwenyekiti. Hawa si wanachama."

"Na maiti iko wapi?" akauliza Mama Talha.

"Iko kwao," nikajibu. "Helmi anasema watazika baada ya wiki tatu. Baba yake Helmi atasafiri siku hizo."

"Wiki tatu!" Kikao kikavurugika. "Anawekwa wapi wiki tatu?"

"Kule nje ni jokofu tupu," nikasema. "Jamani, tusikilizane. Msiba hukaa alipo mtoto wa marehemu. Mtoto huyo hapa."

"Sikatai, Bibi Tupo," alisema Sesilia, naye hakusema kwa ubaya. "Ila mwalimu Gozbert ulimkatalia wewe mwenyewe. Leo tumfungulie Mzungu stoo, kesho tutamtazamaje Gozbert usoni?"

Swali lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa la haki. Ndipo nikaikumbuka mikono ya Mama Helmi.

Ilikuwa mwaka jana, msiba wa yule Mzee Khalfani. Mume alipoondoka baada ya dakika zake kumi, mke alibaki. Alikuja jikoni akauliza asaidie nini. Mtu akamwonyesha beseni la vitunguu swaumu, akamwambia amenye. Hakuna aliyemwambia amenye vingapi, na hakuna aliyerudi kumtazama. Kufika magharibi alikuwa amemaliza vitunguu vya siku zote tatu. Nilimwona nyuma ya nyumba ametumbukiza vidole kwenye ndoo ya maji, vyekundu kama nyanya. Aliponiona aliuliza, "Kuna vingine?" Nami nikasema havipo, nikapita. Hata asante sikumpa.

"Mama Talha," nikasema, "vitunguu swaumu vya msiba wa Mzee Khalfani nani alimenya?"

"Si wasichana wa kule bondeni? Nilidhani walikaa watano."

"Alikaa mmoja. Mama Helmi. Tangu asubuhi hadi magharibi."

Mama Talha akafumba macho kama anayeonja. "Vile vyote? Peke yake? Na nikasifiwa pilau mie!"

Nikafungua pindo la khanga, nikauweka ufunguo kwenye jamvi. "Kwa Gozbert nilikosa. Kifungu nilikitunga ili watu wasitegee misiba, nikakitumia kumwacha mtu juani. Nimeacha uenyekiti. Kesho nitakwenda pale na birika langu la nyumbani, kama bibi jirani tu. Atakayenifuata anifuate."

Hakuna aliyegusa ufunguo. Mwishowe Sesilia aliuokota, akaufuta kwa khanga yake, akanirudishia.

"Acha kututisha, bibi. Kaa na ufunguo wako." Akachukua kalamu. "Naandika kwamba Mama Helmi amejiunga tangu mwaka jana. Kiingilio, vitunguu swaumu. Anayepinga?"

Hakupinga mtu.

Ndivyo tulivyofika getini. Na pale tulipokuwa tunatazamana na Yuhani, Mama Helmi alitokea nyuma ya mumewe. Aliona masufuria, akaona mkaa, akaelewa. Yeye alikuwa amewahi kukaa jikoni. Akaanza kulia hapo hapo, akalisukuma geti mpaka ukutani.

"Poleni, wanangu," nikasema. "Tumekuja msibani."

Muda mfupi tu nyumba ile haikujijua. Makochi yalitolewa nje, majamvi yakatandikwa, mafiga yakawekwa pale Mama Helmi alipopanda maua yake ya manjano, nasi tukasema maua yataota tena. Wanaume wakafunga turubai. Ilipoonekana viti havitoshi, mtu aliingia na viti sita vya nyumbani kwake, vitatu kila mkono. Alikuwa mwalimu Gozbert.

"Shikamoo, mwenyekiti," akasema, akitazama bega langu.

"Marahaba, mwanangu." Chai ya kwanza ilikuwa imeiva, na kwa utaratibu hupewa mfiwa. Nikaimimina, nikaweka sukari tatu, nikampa Gozbert kwa mikono miwili. Aliitazama chai. Kisha akanitazama usoni.

Yuhani alikuwa akizunguka kama mgeni kwake. Alitaka kuosha vikombe, akanyang'anywa. Alitaka kuandika ratiba, kalamu ikapotea; nadhani Sesilia aliikalia. Mwisho akanijia, akaniuliza kwa adabu, "Bibi Tupo, watu watakaa mpaka saa ngapi?"

"Kadi yetu haina saa ya kumalizia, baba. Kaa chini."

Akakaa jamvini, magoti yakimfika masikioni. Kule nje wanaume walikuwa wanacheza drafti na kucheka, naye akashtuka kwamba watu wanacheka msibani. Mzee Twalib akasogea karibu naye. Nilidhani atamrudisha kwa Nabii Ibrahimu. Badala yake akauliza, "Mwanangu, mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Yuhani akafungua mdomo kama aliyeulizwa swali ambalo hakulisomea. Alikuwa na Biblia yake mapajani, amekwishaweka alama mahali pa kusoma. Hakuifungua.

"Alikuwa dereva," akasema. "Dereva wa basi la shule. Mtoto akichelewa, alisimamisha basi mbele ya nyumba yao akapiga honi mpaka mtoto atoke, hata kama ana suruali mkononi. Mimi pia alinipigia honi. Na mimi nilikuwa naishi naye!"

Watu wakacheka. Naye akacheka, akafuta macho kwa taulo la vyombo.

"Na hizo soksi, baba?" akauliza Mama Talha. "Usinichukie. Tangu asubuhi natokwa jasho nikizitazama."

Akaitazama miguu yake. "Alinifumia yeye. Kila Krismasi alituma jozi moja. Nilimwandikia kwamba Dar ni joto, mama, ni joto sana. Hakuamini. Alisema hakuna mahali duniani penye joto kiasi hicho. Sikuwahi kuzivaa. Nilizivaa jana."

Mzee Twalib, mtu wa heshima zake, akainama akaishika soksi ile kwenye kidole gumba, akaipapasa kama anayekagua kitambaa dukani. "Mwenyezi Mungu amrehemu," akasema. "Huyu alifuma kwa nia."

Wakamwomba Yuhani aombe. Akasimama, Kiswahili chote kikamtoka. Akasema sala moja fupi kwa lugha ya kwao, ile ambayo mama yake alimwombea akienda kulala. Hatukuelewa neno hata moja. Tukasema Amina, wa msikitini na wa kanisani, kwa pamoja, ukuta ukatikisika. Mama Helmi hakuisikia vizuri. Alikuwa jikoni anamenya vitunguu swaumu, na safari hii pembeni yake walikaa wanawake watatu, nami baada ya Amina nikaenda kuwa wa nne, na Sesilia alimfundisha kuviponda kwanza kwa ubapa wa kisu ili maganda yatoke yenyewe.

"Kumbe!" alisema Mama Helmi, akavitazama vidole vyake. Tulicheka mpaka Mama Talha akatufokea kwamba ule ni msiba.

Wiki tatu baadaye Yuhani alikwenda kuzika, na mtaa ulimpa khanga moja mpya ya kumfunika mama yake. Alirudi siku ya Jumanne. Alhamisi sikupata kadi. Nilitoka barazani nikaona geti la nyumba ya bluu liko wazi, limewekewa jiwe ili lisijifunge, na mwalimu Gozbert anaingia, Mzee Twalib nyuma yake ameshaanza kubisha.

Nilipokaa, Yuhani aliniletea kikapu kidogo. Ndani mlikuwa na uzi wa kijivu, sindano nne, na soksi moja iliyoishia katikati.

"Aliiacha hivi," akasema. "Mke wangu hajui kufuma. Sikujua nimpe nani."

Nilikuwa sijashika sindano zile tangu niliposhuka kutoka Tukuyu, ambako baridi ya asubuhi hugonganisha meno na kila msichana hufundishwa kufuma. Miaka arobaini na mitatu. Nani angevaa sufu Dar es Salaam? Nikaitafuta miwani yangu. Nikavigusa vitanzi vya mama yule, vilikuwa vimekazwa sawasawa, vya mtu asiye na haraka. Vidole vyangu vikasita, kisha vikakumbuka.

Saa kumi na moja na nusu ilifika. Niliona macho ya Yuhani yakikimbilia saa ya ukutani, kwa mazoea tu, kisha yakarudi.

"Bibi Tupo," akasema, akitabasamu kidogo, "utakaa mpaka saa ngapi?"

Nikavuta uzi. "Mpaka kisigino, baba," nikamwambia. "Niongezee chai."