Jina la Pili kwenye Fomu

Mlango uligongwa asubuhi Khatijabai akiwa anachambua mchele. Hakuwa akitarajia mtu. Ghorofa ya sita ya jengo lile la jiji, kule Downsview ughaibuni, ilikuwa imebakiwa na watu wawili tu, yeye na Jepkosgei, msichana aliyekuwa akiishi naye. Milango mingine yote ilikwisha kupigiliwa mbao, na lifti ilizimwa tangu Jumatatu.

Mgeni alikuwa mwanamke mwenye kitambulisho cha ofisi ya nyumba, anahema kwa ngazi.

"Jambo, mama. Ni mie Nicole. Nilizaliwa Lubumbashi, tuseme tu Kiswahili." Akaweka ufunguo na fomu mezani. "Wabomoaji wanaanza Ijumaa. Nyumba yako ya chumba kimoja iko tayari, ng'ambo ya barabara. Weka sahihi leo."

Machozi yalimlengalenga Khatijabai. Miaka thelathini na mmoja hapa, na mtaa asiuhame! Imambara ya Thornhill, alikosali, angeendelea kwenda kwa basi lile lile.

"Na huyu mwanangu atalala wapi?" akauliza, akionyesha jikoni alikokuwa Jepkosgei.

Nicole akapekua karatasi. "Hapa iko mtu mmoja. Walipokuja kuhesabu mwaka jana, ulisema huyu ni mgeni."

Kweli Khatijabai alisema, tena kwa fahari. Alimkuta Jepkosgei amelala kwenye chumba cha kufulia kule chini, akampandisha juu, akamlisha. Kwao Tanga mtu wa namna hiyo humwiti mpangaji mbele za watu, ungemvunjia heshima. Akamwita mgeni wake. Ofisi ikaandika mgeni: mtu mwenye kwao kwingine.

"Rekebisha."

"Nikirekebisha, mama, ufunguo narudisha. Mtangoja nyumba ya vyumba viwili, miaka miwili, mitatu, sijui. Kwa sasa mtapelekwa hoteli, mbali kule Agincourt."

Jepkosgei akatoka jikoni mbio. "Shosho, weka sahihi! Mimi ni wa Eldoret, baridi yenyewe inaniogopa."

"Ndiyo maana ulikohoa wiki tatu? Barua ya kubomolewa ilipokuja, nilikwambia nini?"

Jepkosgei akainamisha kichwa. "Kwamba tutahama pamoja. Lakini Shosho, una miaka sabini na minne. Nimeshakusamehe hayo maneno."

"Sikukuomba msamaha."

Alikwenda dirishani. Jengo jipya lilikuwa pale pale, karibu mno, vioo vyake vinang'aa, watu wakiingiza magodoro. Miaka mitatu! Huenda mtaa huu asiuone tena.

Akarudi kuketi. Akausukuma ufunguo hadi upande wa Nicole, akachukua kalamu, na chini ya jina lake akaandika herufi moja moja: Jepkosgei.

"Jina la baba yako?" akauliza bila kuinua macho.

Jepkosgei alikuwa analia. Ikabidi alitaje mara mbili.