Saa ya Ziada Nakonde

Kila Jumamosi saa mbili asubuhi Fauzia alimwachia mumewe duka la vitenge, akavaa raba na kwenda kuwangoja wenzake nyuma ya soko la Majengo. Judith, mwalimu wa hesabu, alifika kwa wakati. Dina alichelewa dakika kumi, na hakuja mikono mitupu: mahindi ya kuchoma, au karanga, au habari ya mtu.

Wazo lilikuwa la Dina. Alikuwa karani kwa wakala wa forodha, mzaliwa wa Tunduma, na alichoshwa na watu waliokuja mjini kutafuta riziki wakaishia kuusema vibaya.

"Da Fauzia, umekaa hapa miaka saba," alimwambia. "Unajua njia ya kwenda dukani na ya kurudi. Huko ni kukaa au ni kulala tu?"

Basi wakaanza kutembea, mtaa baada ya mtaa, kwa miguu. Fauzia, aliyetoka Singida akidhani Tunduma ni foleni ya malori na vumbi, alishangazwa na mengi. Kule Maporomoko nyumba zilishikilia mteremko kama mbuzi, na kila mlango ulikuwa na ua lililopandwa ndani ya ndoo ya rangi. Kaloleni waliwakuta mafundi cherehani kumi na wawili wakishona sare za kwaya moja huku wakiimba nyimbo zake. Waliingia duka moja kwa mlango wa Tanzania, wakatokea nyuma wakiwa Zambia, na mwenye duka aliwasalimu mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kibemba. Wabadilisha fedha walimjua Dina kwa jina. Bibi mmoja Mnamwanga aliwaita wanywe togwa, akawahadithia mtaa ulivyokuwa wakati bado ni shamba la ulezi, kisha akawakataza wasiondoke mpaka wamalize mtungi.

Jumamosi ya tisa walipanga kupita Sogea, wavuke barabara kuu, wamalizie Nakonde, upande wa Zambia, kwa Bana Mutale, mama aliyepika nshima, yaani ugali, na wale dagaa ambao ng'ambo wanawaita kapenta. Pale pa kuvukia hapakuwa na alama wala tuta. Lori jeupe lilisimama kuwapisha. Lori la bluu lililokuwa nyuma yake halikupenda kungoja, likalipita.

Dina alikuwa mbele. Alifariki saa tano na dakika kumi. Judith aliangalia saa yake, maana ndivyo watu wa Tunduma wanavyofanya. Fauzia alivua khanga ya begani akamfunika. Vijana wa bodaboda walisema wangekaa na mwili, na mmoja akasema, "Kimbieni, mama zangu, msipoteze muda."

Pale mpakani ofisa aliona nyuso zao tu, akaelewa.

"Poleni. Mna dakika ngapi?"

"Hamsini," Judith alisema.

"Piteni. Vitambulisho mtaonyesha mkirudi."

Nakonde iko nyuma ya Tunduma kwa saa moja. Ndivyo nchi mbili zilivyopanga saa zao. Kwa hiyo aliyefariki Tunduma, Nakonde anakuwa hajafariki bado, na hukaa huko mpaka wakati wake umfikie. Kwa kawaida hukutwa pale alipokuwa amepanga kwenda.

Dina alikuwa kwa Bana Mutale, amekaa kwenye benchi la ukutani, sahani imefika nusu. Alisogea kuwapisha.

"Ni lile jeupe, siyo?" aliuliza.

"La bluu," Judith alisema. "Jeupe lilisimama."

"Kumbe lilisimama." Dina alifikiri kidogo. "Basi mkimwona yule dereva mshukuruni. Wachache wanaosimama." Akamwambia Bana Mutale alete sahani mbili nyingine, kisha akanyoosha mkono. "Nani ana simu? Yangu imevunjika."

Alimpigia mama yake, Anyosisye, aliyekuwa Sogea nyumbani. Hakusema mengi. Alisema, "Mama, niko Nakonde, kwa Bana Mutale. Mpaka tano na kumi ya huku." Upande wa pili sauti ikasema, "Nakuja, mwanangu. Nafunga mlango."

Wakaanza kula. Dina aliwaambia mitaa iliyobaki na namna ya kuitembea: kule Mpemba waende asubuhi mapema, ukungu ukiwa bado uko chini, Chapwa wasiende bila kumtafuta fundi mmoja anayetengeneza baiskeli za mbao zinazobeba magunia matatu. Fauzia alikuwa akimtazama mdomo. Alitaka kusema kwamba kabla ya kumjua Dina, alikuwa hana mji, ana duka tu. Badala yake akasema dagaa wamekolea chumvi, na Dina akacheka.

Dakika ishirini zikapita. Anyosisye hakutokea.

"Kutoka Sogea ni dakika kumi na tano kwa mwendo wa mama," Dina alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua. "Ni barabara ile. Hawezi kuvuka."

Judith alianza kuinuka. Fauzia alimshika bega akamrudisha kwenye benchi, kwa kuwa Judith alikuwa na goti bovu, na kwa kuwa mmoja ilibidi abaki. Yeye akatoka mbio. Mpakani ofisa alimfungulia kabla hajafika.

Alimkuta Anyosisye upande wa pili wa barabara, amevaa kitenge cha kanisani, mkononi ameshika bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Alikuwa amesimama hapo robo saa nzima. Malori yalipita pua kwa mkia, ya kwenda Kongo na ya kurudi Dar es Salaam, na kila alipotanguliza mguu alirudishwa na honi. Upande wa Fauzia, hatua chache, ulikuwa mwili chini ya khanga, na vijana wawili wameketi kando yake.

Fauzia alipiga kelele, akainua mkono, hakuna aliyejali. Akaingia barabarani. Alinyoosha mikono yote miwili, akafumba macho, akasikia breki. Alipoyafumbua, bamba la lori lilikuwa karibu na kifua chake, lina joto kama jiko.

Dereva alichomoza kichwa. "Wewe mama! Unataka kufa?"

"Mwingine ameshakufa hapa leo," Fauzia alisema. "Mpishe mama yake."

Dereva alizima injini. Anyosisye alivuka bila kukimbia, bakuli likiwa sawasawa. Alipofika penye khanga aliinama, akamfunika binti yake mguu uliokuwa nje, akainuka.

"Huyu atanisubiri," alisema. "Yule wa kule ndiye hana muda."

Walifika zikiwa zimebaki dakika saba. Anyosisye alifungua bakuli: ndizi za nyama, za moto bado, alizokuwa amezipika kwa ajili ya mchana. Dina alikwisha shiba, lakini alikula. Kisha akasema hataki kukaa, maana Jumamosi ni ya kutembea. Akamshika mama yake mkono, wakaenda wanne kwenye njia ya nyuma ya maduka.

"Mama, umekaa Tunduma miaka thelathini hujawahi kufika Maporomoko."

"Nani angenipeleka?"

"Watakupeleka hawa. Kuna maua kwenye ndoo, mama, kila mlango. Halafu ukishuka, ukipita kwenye—"

Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Mkono wa Anyosisye ulibaki umekunjwa, hauna aliyeushika. Fauzia akaingiza mkono wake palepale, na wakarudi Tunduma kuzika.

Siku arobaini baadaye wakubwa walikuja na futi na wapiga picha. Walisema wameguswa. Wakajenga banda pale mpakani kwa ajili ya wafiwa, lenye paa la bati la kijani na saa mbili kubwa ukutani, moja ya kila nchi, na geti lao peke yao ili wasipange foleni na wafanyabiashara. Kwenye uzinduzi mmoja wao aliulizwa habari ya tuta na alama za kuvukia. Alijibu kwamba barabara kuu ni ya magari.

Banda ni zuri, hata Fauzia anakubali. Lina kivuli na maji ya kunywa, na saa zake zimepishana saa moja kamili, bila kukosea hata sekunde. Jumatatu iliyofuata uzinduzi, kabla ya saa nne, tayari kulikuwa na familia moja inayopita mbio getini, ikitokea palepale pa kuvukia.