Bibi Vifungo na Simu ya Mwenzake

Kila Ijumaa wakati wa chakula, mafundi wa cherehani walishindana kwa chemsha bongo. Kwa miaka mingi mshindi alikuwa Bibi Vifungo, mzee kuliko wote. Kisha mshona mashati akaanza kumshinda, na hakuna aliyejua kwamba anachungulia majibu kwenye simu, chini ya kitambaa alichokipakata.

Ijumaa hiyo akashinda tena. "Shoga, hicho kichwa au kabati?" wenzake wakamtania.

Baadaye alimkuta Bibi Vifungo peke yake, akinong'ona majina ya mito huku akihesabu kwa vidole. Bibi akamsogezea kiti.

"Nadhani akili imeanza kunitoka, mwanangu. Jumatatu namuaga tajiri wetu, naacha kazi, nisije nikaharibu nguo za watu."

Mshona mashati akatamani ardhi ipasuke immeze. "Bibi, akili yako nzima. Mimi ndiye niliyekuwa naiba majibu kwenye simu."

"Wiki zote hizi?"

"Zote."

"Na mimi usingizi siupati!" Bibi akainuka. "Haya, twende ukawaambie wenzio, kabla sijaghairi kukusamehe."

Akamshika mkono, na hapo ndipo mwenzake alipoangua kilio.