Sitaki Kura

Jumanne tarehe tisa Agosti 2022, siku ya uchaguzi, ndiyo siku mambo yangu yote yaliharibika. Hivyo ndivyo nilivyoanza hadithi yangu, na Mwalimu Ndanu akasema mwanzo ni mzuri. Shida yake ilikuwa watu walio ndani.

Tulikuwa tunakutana kila Jumamosi Thika, ukumbi wa kanisa, watu tisa, tukifundishwa kutunga hadithi. Mimi natoka Mwiki, huko Ruiru. Shule niliachia darasa la tano nikaenda kuchonga mawe. Binti yangu Wangechi ndiye aliniandikisha, akisema ni afadhali niandike kuliko kugombana na redio. Na nilikuwa na kitu kimoja tu cha kuandika: vile wakubwa waliniulia mke wangu. Darasa lilikuwa linatoa kitabu. Nilitaka watu wafungue wakute jina lake, Ngendo.

Mwalimu alikuwa na wimbo mmoja, eti mhusika bila kasoro ni picha ya kalenda. Nikampa kasoro. Wakubwa peke yao niliwaandikia kurasa nne.

Jumamosi iliyopita akasoma yangu mbele ya wote. Mke yuko mezani asubuhi, mgonjwa kidogo, anamwambia mumewe, "Baba Wangechi, leo sitaki kura." Mume anacheka, anamwambia hata yeye hawataki hao wezi, anaenda kupanga laini peke yake. Mashine ya kura inakataa alama za vidole vyake kwa sababu mawe yameziramba, anasimama mpaka saa tisa. Akirudi, mke ameanguka jikoni. Anambeba hadi zahanati, anakuta kufuli.

Ndanu akaniuliza hapo ni kura ama kula. Watu wakacheka. Gachau, muuza nyama wa Kalimoni, akasema ni kitu kimoja, sisi tunapiga kura, wao wanakula. Hata mimi nilicheka. Nikamwambia mwalimu ni kura, aendelee.

Hakuendelea. Alirudi nyuma akatuonyesha nilipoandika kwamba tangu Jumapili huyo mama alikuwa anamwagia kuku chakula chake. Halafu nilipoandika kwamba tangu aolewe anasema "kurara" badala ya kulala.

"Mzee Githae, huyu mume ameishi naye miaka thelathini na moja," akasema. "Simwamini."

Nikamuuliza kama ni mume aliyefunga zahanati. Nilisema mengi, nikataja serikali yote kutoka juu mpaka chifu. Alingoja nimalize.

"Hao nimewaamini, mzee wangu. Ni yeye tu amebaki."

Akanipa wiki moja. Niandike mstari mmoja, huyo mume alisikia nini, la sivyo hadithi haiingii kitabuni.

Mwalimu mwenyewe ni mtoto wa juzi, hajazika mtu. Lakini nimekaa kwenye meza ile ile siku sita. Nimeandika kura, nikafuta. Nimeandika kula, nikafuta, karatasi imetoboka hapo. Kesho ni Jumamosi.

Kitu ambacho sikuandika ni hiki. Asubuhi hiyo kikombe chake cha uji kilikuwa hapa mezani, kimejaa, na kitambulisho chake cha kupigia kura kando yake. Alisema yale maneno akiwa ameinamisha macho. Alikuwa anaangalia kipi?